Magari Yote Yamezidisha Mwendo, Limesimamishwa Moja

Dereva anayesimamishwa kwa kosa la mwendo kasi huuliza, kwa sauti au kimoyomoyo, swali ambalo askari wa usalama barabarani amelisikia mara nyingi hata haoni haja ya kulijibu: mbona wale walionipita wameachwa? Mbele ya hakimu swali hilo halina uzito, kwa kuwa kosa la mwenzako halifuti lako. Lakini ukiliondoa kwenye utetezi na kuliweka kwenye uchunguzi wa kazi ya polisi, ni swali linalogusa kiini cha jambo. Sheria hutaja kikomo cha mwendo na adhabu ya anayekivuka. Haisemi askari asimame wapi, saa ngapi, ajifiche au aonekane, aanze na anayezidisha kidogo au anayezidisha kupita kiasi, wala ni lini onyo linatosha badala ya faini. Hayo huamuliwa na polisi wenyewe, na kutokana na hayo usimamizi wa mwendo unaweza kuokoa maisha, kuingiza fedha, au kuwa mlango wa kupekulia magari ya watu.

Uchaguzi huo haukwepeki, na sababu yake ni hesabu tu. Tuseme kusimamisha gari moja, kukagua leseni, kuandika hati ya kosa na kumwachia dereva arudi barabarani salama kunachukua dakika 12. Askari asiyepumzika hata kidogo atamaliza magari matano kwa saa. Kwenye barabara inayopitisha magari 600 kwa saa, na ambako robo yake yamezidisha mwendo, wakosaji ni 150. Watano watasimamishwa na 145 watapita, tena wengine watapita wakimwangalia askari akiwa ameinamia dirisha la mwenzao. Na hapo tumempa askari huyo bidii ambayo hakuna binadamu anayeweza kuidumisha zamu nzima. Kila anayesimamishwa, basi, amechaguliwa kutoka katika kundi, hata kama aliyemchagua hakujua kwamba anachagua.

Wengi hudhani kwamba busara ya uchaguzi huo ni rahisi: kamata wenda wazimu, waache wanaozidisha kilomita chache. Fizikia ya breki hailingani na dhana hiyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva makini anayeona mtoto ameingia barabarani atatumia takriban sekunde moja kabla ya mguu wake kukanyaga breki, na kwenye lami kavu gari litahitaji kama mita 14 nyingine hadi kusimama, jumla mita 28. Sasa chukua gari la pili, sambamba na la kwanza, likienda kilomita 60 kwa saa. Madereva hao wawili wanaiona hatari kwa wakati mmoja na wanakanyaga breki kwa nguvu ileile. Pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda takriban kilomita 40 kwa saa. Si kilomita 10, kama akili inavyotaka kuamini. Sababu ni kwamba nishati ya gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, na breki huondoa sehemu kubwa ya mwendo katika mita za mwisho, zile hasa ambazo dereva wa pili hana. Na faida aliyoipata kwa hatari hiyo, katika safari ya kilomita 10 isiyo na msongamano wala taa, ni dakika mbili.

Mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, aliyapeleka mambo haya kutoka kwenye gari moja hadi kwenye barabara nzima. Kanuni inayojulikana kwa jina lake inasema kwamba ajali zinazoua hubadilika kwa kipeo cha nne cha mwendo wa wastani wa magari yote. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 5, ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 22, na ukishuka kwa asilimia 5, hushuka kwa takriban asilimia 19. Watafiti waliomfuata, akiwemo Rune Elvik wa Norway, wameonyesha kwamba kipeo hicho ni kidogo zaidi kwenye barabara za mijini kuliko kwenye barabara za mashambani, lakini mwelekeo haukubadilika. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia kipimo cha asilimia 1 ya mwendo kwa asilimia 4 ya hatari ya ajali ya kifo, na hilo si jambo dogo katika dunia inayopoteza takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka barabarani.

Neno la kushika hapo ni wastani. Dereva mmoja anayepita kwa kilomita 130 mahali pa 80 ni hatari kubwa kwa nafsi yake na kwa aliye mbele yake, lakini hawezi peke yake kuuinua mwendo wa wastani wa barabara. Wanaouinua ni wale mia moja wanaokwenda 88, watu wenye staha, wenye leseni safi, wasiojiona kabisa kuwa wavunja sheria. Kila mmoja wao ameongeza hatari kidogo, ila kwa kuwa ni wengi, jumla ya vidogo vyao inaweza kuzidi kikubwa cha yule mmoja. Polisi wanaotaka kupunguza vifo wana kazi mbili zisizofanana: kumwondoa barabarani mtu mmoja wa hatari, na kuwashusha watu mia kwa kilomita nne au tano kila mmoja. Kazi ya kwanza inahitaji kusimamisha gari. Ya pili haiwezekani kwa kusimamisha magari, kama hesabu ya dakika 12 ilivyoonyesha, na hapa ndipo sera nyingi za polisi zinapochanganya mambo.

Pamoja na hayo, karibu kila mahali polisi huacha nafasi juu ya kikomo. Nchini Uingereza, mwongozo wa wakuu wa polisi unapendekeza hatua zianze kwenye asilimia 10 juu ya kikomo pamoja na maili 2 kwa saa, yaani maili 35 mahali pa 30. Ujerumani hukata kilomita 3 kwa saa kutoka kwenye kipimo cha gari lililokuwa chini ya kilomita 100, na asilimia 3 kwa lililozidi hapo, kabla ya kuhesabu kosa. Sehemu ya nafasi hii ni haki tupu, kwa sababu hakuna kipimo kisicho na kosa, na spidomita za magari nazo hutofautiana. Sehemu nyingine ni siasa ya kazi: faini ya kilomita mbili huwafanya watu waone polisi kama wachokozi, nao polisi wanahitaji heshima ya watu haohao kesho yake. Tatizo ni kwamba nafasi ikishajulikana, inakuwa kikomo kipya. Kibao kinasema 50, dereva anasoma 58.

Kuhusu mahali pa kusimama, watu hulalamika kwamba askari hukaa penye mteremko mrefu ulionyooka, ambako gari huongeza kasi lenyewe, badala ya kukaa kwenye kona au mbele ya shule ambako watu hufa. Malalamiko haya mara nyingi ni ya kweli, ingawa sababu yake si uvivu au tamaa kila mara. Kusimamisha gari ni tendo la hatari. Kunahitaji nafasi pembezoni mwa barabara ya kuegesha magari mawili, umbali wa kutosha wa kuonana na yule anayekuja, na mahali ambapo askari anaweza kusimama bila kugongwa na gari la tatu. Kona kali na barabara nyembamba ya mtaani hazina vitu hivyo. Kwa hiyo panapostahili zaidi kusimamiwa huwa ndipo pagumu zaidi kusimamia kwa mikono, na askari huishia panapofaa kazi yake.

Kifaa nacho kina masharti yake. Rada hutuma mawimbi yanayotawanyika kadiri yanavyokwenda mbali, hivyo kwenye msafara wa magari huweza kupokea mwangwi wa zaidi ya gari moja, na ni askari anayepaswa kujua ni lipi. Tochi ya leza, ile ambayo madereva huiogopa zaidi, ina mwale mwembamba wa kiasi cha mita moja kwa upana ukiwa umbali wa mita 300, na kwa hiyo huweza kuchagua gari moja kati ya mengi. Zote mbili zikielekezwa kwa pembe badala ya kuangalia gari ana kwa ana, husoma mwendo mdogo kuliko wa kweli: kwa pembe ya nyuzi 20, gari lililo kwenye kilomita 100 litasomwa kama lipo kwenye 94. Dereva anayedai kwamba pembe ilimwonea amegeuza jambo, maana pembe ilimsaidia. Anayedai kwamba rada ilisoma gari la jirani yake anastahili kusikilizwa.

Turudi kwa wale mia moja wa kilomita 88. Kama hawawezi kusimamishwa, mwendo wao unashushwaje? Kwa kuamini kwamba wanaweza kusimamishwa. Madereva hupunguza mwendo wanapoona gari la polisi, na hubaki wamepunguza kwa muda na kwa umbali fulani baada ya kulipita. Kisha hali hurudi ilivyokuwa. Askari aliyejificha nyuma ya mti hukamata watu wengi, lakini waliopita kabla yake na baada yake hawajui kwamba alikuwepo. Askari anayeonekana wazi hukamata wachache, na kila anayepita hupunguza mwendo. Ukimpima askari kwa idadi ya hati alizoandika, utamwona wa kwanza ni hodari na wa pili mzembe. Ukimpima kwa mwendo wa wastani wa barabara, wa pili anaweza kuwa ndiye aliyefanya kazi. Sisemi kujificha hakuna maana kabisa: dereva akijua kwamba polisi huonekana daima, atapunguza mwendo pale tu anapowaona. Mchanganyiko ndio unaofaa, na kutotabirika ndiko kunakoupa nguvu. Jimbo la Queensland, Australia, lililifanyia jambo hili mpango kamili kwa kugawa barabara na saa katika vipande, kisha kuwapangia askari wake vipande hivyo kwa bahati nasibu, ili kwamba hata askari mwenyewe asiwe na kituo cha mazoea.

Kwamba kuwepo kwa polisi kunaokoa maisha kulionekana kwa njia ya bahati mbaya katika jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2003, kwa upungufu wa bajeti, polisi wa jimbo hilo waliachisha kazi takriban theluthi moja ya askari wao wa barabarani kwa mkupuo. Wachumi Gregory DeAngelo na Benjamin Hansen walipochunguza yaliyofuata waliona hati za makosa zimepungua, na majeruhi na vifo vimeongezeka, hasa kwenye barabara kuu nje ya miji. Upunguzaji ule haukutokana na hali ya ajali bali na fedha, na ndiyo maana ushahidi huu una nguvu kuliko ulinganisho wa kawaida wa miji yenye polisi wengi na yenye wachache.

Fedha huingia pia kwa mlango mwingine, ule wa faini. Thomas Garrett na Gary Wagner walichunguza kaunti za North Carolina na kukuta kwamba mwaka unaofuata kushuka kwa mapato, hati za barabarani huongezeka, lakini mapato yakipanda, hati hazishuki kwa kiasi hicho. Katika Massachusetts, Michael Makowsky na Thomas Stratmann waligundua kwamba madereva wa kutoka nje ya mji walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupigwa faini, na sababu si ngumu kuikisia: mgeni hapigi kura pale, na kurudi kupinga faini mahakamani kunamgharimu. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu mji wa Ferguson, Missouri, iliyoeleza kwamba kazi ya polisi pale ilikuwa imeelekezwa kwenye kukusanya mapato kuliko kwenye usalama wa watu.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwamba faini za kutafuta fedha hazina faida. Lakini Makowsky na Stratmann haohao, katika utafiti wao wa mwaka 2011, walikuta kwamba hati nyingi zaidi zilizotolewa na miji yenye ukata zilipunguza ajali na majeruhi. Nia mbaya ilizaa matokeo mema, angalau kwa kipimo cha ajali. Mimi naona jambo hili halihalalishi polisi wa kutafuta mapato. Linaonyesha tu kwamba hati ina nguvu ya kumpunguzia dereva mwendo bila kujali aliyeiandika alikuwa akifikiria nini. Kilichobaki kuulizwa ni nani aliyebebeshwa gharama, na kama hati hizohizo zingeandikwa kwenye barabara zinazoua, badala ya barabara zenye wageni, zingeokoa wangapi.

Matumizi ya tatu ya kusimamisha gari hayahusiani na mwendo hata kidogo. Kwa kuwa karibu kila dereva huvunja sheria fulani ndogo katika kila safari, askari anayetaka kumchunguza mtu kwa jambo jingine hana haja ya kungoja muda mrefu. Atamfuata mpaka azidishe kilomita tano au asahau kuwasha taa ya kugeukia, kisha atamsimamisha na kuanza kuuliza anatoka wapi, anabeba nini, na kama angeruhusu gari likaguliwe. Mwaka 1979, katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza askari kusimamisha gari moja moja bila sababu yoyote ili tu kukagua leseni. Lakini mwaka 1996, katika kesi ya Whren, mahakama hiyohiyo iliamua kwa kauli moja kwamba kosa la kweli la barabarani likiwepo, kusimamishwa ni halali hata kama nia halisi ya askari ilikuwa nyingine. Ukizisoma pamoja unaona kwamba sababu inahitajika, na sababu haikosekani. Baadaye, mwaka 2015, kesi ya Rodriguez iliweka mpaka wa muda: shughuli ya kosa la barabarani ikimalizika, dereva hawezi kushikiliwa, hata kwa dakika saba au nane za kumleta mbwa wa kunusa, isipokuwa kuna shaka yenye msingi.

Nia ya mtu haionekani, lakini jumla ya maamuzi huonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha takriban magari milioni 100 yaliyosimamishwa nchini Marekani, walitumia giza kama kipimo, kwa kuwa gizani askari haoni vizuri rangi ya dereva. Majira ya mwaka hubadilisha saa ya jua kuzama, kwa hiyo saa moja ya jioni huwa na mwanga katika miezi fulani na giza katika mingine. Kama askari hawaangalii rangi ya dereva, sehemu ya madereva weusi kati ya wanaosimamishwa saa hiyo haipaswi kubadilika. Ilibadilika: giza lilipoingia, ilipungua.

Wanaotetea usimamishaji wa aina hii husema kwamba bila huo uhalifu utaongezeka. Mji wa Fayetteville, North Carolina, ulitoa nafasi ya kuyapima madai hayo. Kuanzia mwaka 2013, chini ya mkuu wa polisi Harold Medlock, askari walielekezwa waweke mbele makosa yanayosababisha ajali, yaani mwendo kasi, kupita taa nyekundu, ulevi na mengineyo ya namna hiyo, na wapunguze kusimamisha watu kwa ajili ya karatasi zilizopitwa na wakati au taa ya nyuma iliyokufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba katika miaka ya mpango huo ajali na majeruhi vilipungua na tofauti kati ya madereva weusi na weupe ilipungua, huku uhalifu usiohusu barabara ukibaki karibu kama ulivyokuwa. Ni mji mmoja, na mji mmoja hauthibitishi kila kitu. Lakini maelekezo ya mkuu wa kazi yalitosha kubadilisha nani anasimamishwa, bila sheria hata moja kuandikwa upya.

Kamera inaonekana kuwa jibu la haya yote, kwa kuwa haichoki, haihitaji pa kuegesha, na haiulizi dereva anatoka wapi. Ufaransa ilianza kuzisimika kamera za mwendo zinazojiendesha mwishoni mwa mwaka 2003. Vifo vya barabarani, vilivyozidi 7,000 mwaka 2002, vilikuwa chini ya 5,000 mwaka 2006, ingawa ukali dhidi ya ulevi na mabadiliko mengine ya wakati huo navyo vinastahili sehemu ya sifa. Kamera ya mahali pamoja ina udhaifu uleule wa askari anayeonekana: dereva hupunguza mwendo mita 200 kabla na kukanyaga mafuta mita 200 baada. Ndiyo maana nchi kadhaa zimehamia kwenye jozi za kamera zinazosoma namba ya gari mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara na kugawanya umbali kwa muda, ambapo kufunga breki mbele ya kamera hakumsaidii mtu. Uchaguzi wa nani akamatwe umeondoka mikononi mwa askari na kuhamia kwa anayechagua barabara, naye anaweza kupendelea vilevile, ila upendeleo wake umechorwa kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka juu ya ramani ya ajali na kulinganisha.

Hata hivyo, kamera huwafaa wale mia moja wa kilomita 88 kuliko yule mmoja wa 130. Mia moja wana anwani, wanaogopa faini, na barua ikiwafikia wiki inayofuata watajirekebisha. Yule mmoja pengine amelewa, au anasinzia, au anaendesha gari lenye namba isiyo yake, na barua hiyo itamkuta, kama itamkuta, siku nyingi baada ya usiku ambao alipaswa kuondolewa barabarani. Kwa ajili yake askari bado anahitajika, akiwa na muda wa kumsimamisha kwa sababu hakuutumia kwa wale mia.